Waya wa Nane

Bi Mita alikuwa na kanuni moja kazini: waya uliounganishwa haufungwi mpaka utikiswe injini ikiwa moto. Kanuni hiyo aliishika miaka ishirini na sita, akaivunja mara moja tu, mchana mmoja, kwa sababu ambayo mzazi yeyote angemsamehe. Miaka aliyoishika haina mengi ya kusimulia. Mtu anayefanya kazi yake sawasawa hana hadithi ndefu, na ndivyo inavyotakiwa. Yanayosimuliwa hapa ni ya ile mara moja.

Alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke pekee katika gereji ya mafundi kumi na mmoja. Jina la Bi Mita alilipata kutokana na mita ya kupimia umeme aliyoivaa shingoni kwa kamba, kama daktari na mpira wake wa kusikilizia moyo. Jina lake halisi lilijulikana kwa mama yake na kwenye kadi ya hospitali. Meza yake ilikuwa nyuma ya banda, chini ya dirisha lisilo na kioo. Juu yake palikuwa na kopo la biskuti lililojaa fyuzi, birika la chai lenye mfuniko wa birika jingine, na roli la uzi mwekundu wa kushonea nguo.

Uzi ule ulitoka kwa mama yake, fundi cherehani, aliyekuwa akiishi naye. Kila Bi Mita alipomaliza kuunganisha nyaya alizizungushia tepu ya kitambaa, kisha juu ya tepu akafunga uzi mizunguko mitatu na fundo moja. Wenzake walipomuuliza wa nini, alijibu, "Ili atakayefungua kesho ajue wa kumuuliza." Mafundi wengi hawapendi kuulizwa. Wanafunika kazi yao kama paka anavyofunika yake, wakaenda zao. Yeye aliiwekea sahihi.

Miaka ikapita, na uzi ukageuka kitu kingine. Mafundi waliona kwamba penye uzi mwekundu hapakuwahi kuwa na kosa, wakaacha kupakagua. Ukazaliwa msemo pale gerejini, "Penye uzi, pita." Hata mafundi wa gereji za jirani waliusema. Bi Mita aliusikia na hakuukataza. Nani angekataza? Lakini sifa ina hatari yake. Mtu akishasifiwa vya kutosha, watu huacha kumkagua, na baada ya muda naye huacha kujikagua.

Gari lililoleta mambo haya lilikuwa la Mwalimu Mkuu, mama mstaafu aliyekuwa ameongoza shule ya msingi ya mtaa ule kwa miaka kumi na tisa. Nusu ya mafundi pale walikuwa wanafunzi wake, na wengine, ingawa sasa walikuwa na mvi, bado walizima redio akiingia. Mume wake alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki mama yule alimpeleka hospitali kusafishwa damu, na hospitali ilikuwa juu ya kilima, mwisho wa barabara ndefu inayopanda.

Ugonjwa wa gari ulikuwa hivi. Katikati ya kilima taa ya injini iliwaka, nguvu zikaisha, gari likaanza kutambaa. Ukikanyaga mafuta ni kama kumwita mtu aliyelala kwa dawa. Ukizima, ukasubiri dakika kumi, ukawasha, gari lilikwenda kama halijawahi kuumwa. Na likifika gerejini halionyeshi dalili yoyote, kama mtoto anayepona homa akiona lango la zahanati.

Magari ya zamani yalikuwa na waya wa chuma unaovuta mlango wa hewa wa injini kutoka kwenye kanyagio la mafuta. Ukikanyaga, mlango unafunguka. Ya siku hizi hayana waya huo. Kanyagio linaiambia tu kompyuta ya gari kwamba dereva anataka kwenda, na kompyuta inaamuru mota ndogo ifungue ule mlango, ambao mafundi huuita throto. Ili isidanganywe, kompyuta ina sensa mbili pale mlangoni, kama mashahidi wawili wa tukio moja. Ushahidi ukigongana, kompyuta haimwamini yeyote. Inawasha taa na kumwachia dereva nguvu kidogo tu za kumfikisha pembeni mwa barabara.

Gari hilo lilianza kushughulikiwa na fundi aliyepewa jina la Kasuku kwa sababu hakunyamaza. Kasuku alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bi Mita, kwa hiyo walikuwa mashemeji. Aliunganisha mashine ya kusomea makosa, mashine ikasema throto, akabadilisha throto. Wiki mbili baadaye gari likarudi. Akabadilisha kanyagio la mafuta. Siku ya tisa gari likagoma tena kilimani, safari hii mgonjwa akiwa ndani. Wakakaa pale dakika arobaini, na walipofika hospitali zamu yake kwenye mashine ya kusafishia damu alikuwa amepewa mtu mwingine.

Jumanne Mwalimu Mkuu alikuja gerejini kwa miguu, mkoba kwapani. Redio ikazimwa.

"Shikamoo Mwalimu," wakasema wote, hata waliokuwa chini ya magari.

"Marahaba." Akamgeukia mwenye gereji, mzee mnene aliyekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. "Simwiti mtu mwizi. Nasema nimebadilishiwa vitu viwili, na gari bado linaumwa. Ama vilivyotolewa vilikuwa vizima, ama vilivyowekwa ni vibovu. Nataka kujua ni lipi."

"Mwalimu, vile ni vipya kabisa, nimevitoa kwenye boksi," Kasuku akasema.

"Boksi nililiona. Kilichokuwa ndani sikukiona. Ulipima kabla ya kubadilisha?"

"Mashine ilisema throto, Mwalimu."

"Sikuulizi mashine ilisema nini. Wewe ulipima?"

Kasuku, ambaye hakuwahi kukosa neno, akaanza kufuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Mwenye gereji hakupenda ubishi mbele ya wateja. Alisema Bi Mita atalipima gari upya, na Jumamosi asubuhi, saa ya chai, kila mmoja akiwepo, atasema alichokiona. Ikiwa kosa ni la vipuri vya Kasuku, Kasuku ataaga na kuchukua spana zake. Alisema hivyo bila hasira, na kila mtu alijua anamaanisha. Kasuku alikuwa na watoto wanne na ufundi wa kujifunzia hapohapo. Hakuna gereji nyingine ambayo ingempokea akitoka na jina la mtu anayeweka vipuri vibovu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wote walilifahamu. Mwenye gereji alikuwa amechoka. Alishatangaza kwamba mwezi utakaofuata atamkabidhi Bi Mita usimamizi wa gereji, na ufunguo wa stoo alikuwa ameshamchongeshea.

"Shemeji," Kasuku akamwambia Bi Mita walipobaki wawili, "maisha yangu yako kwenye hiyo mita yako shingoni."

"Maisha yako yangekuwa kwenye mita yako mwenyewe, ungekuwa nayo."

"Ninayo. Imekufa betri."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuniazima betri."

Bi Mita hakucheka, lakini alimpa betri.

Jumatano alimwomba Mwalimu Mkuu aendeshe mwenyewe kupanda kilimani, naye akakaa kiti cha pembeni, mashine ya kupimia mapajani. Hakuitazama barabara. Alitazama namba mbili za wale mashahidi. Katika gari lile, namba moja ikipanda nyingine hushuka, na ukizijumlisha unapata volti tano daima. Tambarare zilikwenda hivyohivyo. Kilima kilipoanza kukaza, injini ikaanza kuguna, na ghafla namba zote mbili zikapanda pamoja. Taa ikawaka. Gari likaanza kutambaa.

"Ndiyo hiyo," Mwalimu Mkuu akasema, akiwasha taa za hatari. Hakuonekana kushangaa. "Umeona nini?"

"Mwalimu, shahidi mmoja akikosea ana shida yake. Wawili wakikosea kwa pamoja na kwa upande uleule, wamekula chungu kimoja. Hizi sensa zinatumia waya mmoja wa hasi. Waya huo ukilegea, zote mbili zinapandisha namba. Throto haina kosa."

"Mpya au ya zamani?"

"Zote mbili. Hata ile ya kwanza ilikuwa nzima."

Mwalimu Mkuu alivuta breki ya mkono. "Kwa hiyo kijana hakuniwekea kibovu."

"Hakukuwekea. Alikisia tu."

"Kukisia nako ni kosa," akasema Mwalimu Mkuu. "Lakini si hilo nililomtuhumu."

Bi Mita angeweza kuishia hapo. Kasuku alikuwa ameshapata nusu ya wokovu wake. Lakini mwenye gereji angeuliza, na kwa haki, kosa liko wapi basi. Na Bi Mita hakuwahi kuzima taa ya gari kwa mashine kabla ya kuona sababu kwa macho. Kuna mafundi wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta, taa ikazimika, wakamkabidhi mteja ufunguo wakitabasamu. Kufanya hivyo ni kumziba mgonjwa mdomo na kusema amepona.

Alhamisi aliupima waya ule mwisho mmoja hadi mwingine. Mita ikasema mzima. Akaufuata kwa vidole kutoka kwenye throto, juu ya injini, pembeni mwa betri, mpaka kwenye kompyuta. Alichana tepu sehemu nne, akaangalia, akafunga. Nyaya zilikuwa safi. Alisafisha soketi, akarudia. Jioni ilipofika hakuwa na la kusema, na wenzake walianza kukohoa kikohozi cha utani.

"Bi Mita, au gari limerogwa," akasema fundi wa gia kutoka kwenye shimo la chini ya magari.

"Likirogwa litakuja kwako. Wewe ndiye unayetengeneza kwa kupigapiga."

Ijumaa alibadilisha mbinu. Waya uliokaribia kukatika unaweza kupimwa mzima ukiwa umetulia, lakini hukosea ukivutwa. Na kilimani injini hujipinda kwenye vishikio vyake na kuvuta kila kilichofungwa juu yake. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine nyuma ya soketi ya throto. Akamweka Kasuku kwenye usukani.

"Breki kwa nguvu. Weka gia. Sasa mafuta, kidogo kidogo."

Injini ikainama kama mtu anayesukuma mkokoteni. Mita ilisoma sifuri na ushee. Bi Mita akaanza kuzishika nyaya kiganja kwa kiganja, akizibinya na kuzivuta, macho kwenye namba. Alianzia kwenye throto, akapita juu ya injini, akafika karibu na betri. Hapo mkono wake uliinuka, ukapita juu kidogo, ukashuka upande wa pili.

Kasuku alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Shemeji, umeruka."

"Nimeruka wapi?"

"Hapo karibu na betri."

"Hapo ni pangu. Pana uzi."

"Najua. Ndiyo maana hata mimi niliparuka." Akasema kwa wepesi wake wa siku zote, bila kukusudia lolote. "Penye uzi, pita."

Mkono wa Bi Mita ulisimama. Injini iliendelea kunguruma. Akarudisha mkono nyuma, akaishika tepu yenye mizunguko mitatu ya uzi mwekundu, uliokuwa umefifia ukawa rangi ya tofali. Akabinya taratibu. Namba kwenye mita ikaruka, ikakaribia volti moja, na kwenye dashibodi taa ya injini ikawaka.

"Zima," akasema.

Alijua kabla hajafungua. Hata hivyo alikata uzi kwa mkasi, akakunjua tepu, na ndani akaziona nyaya nane alizoziunganisha mwenyewe miaka minne iliyopita. Saba zilikuwa na risasi ya kuchomea inayong'aa kama siku ya kwanza. Wa nane ulikuwa umesokotwa kwa vidole tu, bila kuchomewa. Maji ya mvua yalikuwa yameufikia, kutu ya kijani ikaula, ukabaki unywele mmoja au nywele mbili za shaba.

Ilikuwa hivi. Wakati ule Mwalimu Mkuu alikuwa amemlaza mumewe hospitali kwa mara ya kwanza, na gari likakaa miezi mitatu bila kuwashwa. Panya wakahamia kwenye injini, wakatafuna nyaya nane. Kazi hiyo ilimfikia Bi Mita siku ambayo binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa akihitimu uuguzi. Mahafali yalikuwa saa nane mchana. Saa saba na nusu alikuwa amemaliza nyaya saba, na gesi ya kuchomelea ikaisha. Angeweza kuazima kwa fundi wa radieta, dakika ishirini kwenda na kurudi. Hakuazima. Aliusokota waya wa nane kwa mkono, akasema moyoni kwamba atakuja kuuchomea kesho asubuhi. Kisha akafunga tepu na, kwa mazoea, akafunga uzi. Akanawa mikono, akakimbia. Alifika binti akiwa anapanda jukwaani, na binti alimwona.

Jioni ileile mwenye gereji alimkabidhi Mwalimu Mkuu ufunguo, kwa sababu uzi ulikuwa umefungwa, na uzi maana yake kazi imekwisha. Kesho yake Bi Mita alikuta gari limeondoka. Akajiambia kwamba likija kubadilishwa mafuta ya injini atalimaliza. Likaja, kukiwa na kazi nyingi, likaondoka. Baada ya hapo akasahau. Kuna kusahau kunakomjia mtu, na kuna kusahau ambako mtu hukusaidia kidogo kwa mkono wake. Kwake kulikuwa kwa pili.

Kasuku alikuwa ameshashuka. Aliuangalia ule waya wa kijani, akamwangalia shemeji yake, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alisema kwa sauti ndogo.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe na mimi."

"Basi tuseme panya wamerudi."

Bi Mita aliweka mkasi juu ya betri.

"Sikiliza, shemeji. Panya walishaingia mle mara moja, kila mtu anajua. Wamerudi, wametafuna waya. Mimi napona, wewe unapona, Mwalimu anapata gari lake. Nani anaumia hapo? Panya?"

"Panya wana makosa mengi. Hili si lao."

"Hawatakuja kukana."

"Kasuku, kesho ukikuta uzi mwekundu kwenye gari la mtu, utafungua au utapita?"

Akafikiri. "Nitapita," akasema. Kisha, kwa sababu hakuwa mjinga, akaongeza, "Ah."

Lazima isemwe wazi kwamba uongo ule ungewafaa watu wote watatu. Ndiyo sababu ulikuwa mgumu kuukataa. Uongo unaoumiza mtu hukataliwa hata na mwizi. Huu haukuwa na wa kumuumiza siku ile, ila ungeuacha uzi mwekundu ukiendelea kuaminiwa, na mtu ambaye ameshajua kwamba sahihi yake iliwahi kudanganya hana haki ya kuendelea kuitumia kana kwamba haijadanganya.

Aliuchomea waya wa nane, akautikisa injini ikiwa moto mara kumi, akaufunga kwa tepu. Hakuufunga uzi.

Saa kumi na mbili jioni alimkuta mama yake akifunika cherehani. Chumba chao cha mbele kilikuwa na meza ya kukatia nguo, viti viwili, na picha ya binti akiwa na joho la mahafali. Akamweleza mama yake yote.

Mama alitafuna neno kabla ya kulitoa. "Na kesho utayasema haya mbele yao wote."

"Kasuku alituhumiwa mbele yao wote."

"Msemee shemeji yako kwamba hana kosa. Inatosha. Hayo mengine mwambie Mwalimu pembeni, mwanamke kwa mwanamke."

"Mama, nguo ikifumuka mteja akiwa sokoni, unamwomba radhi wapi?"

"Mimi nguo zangu hazifumuki."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Mama akaishusha miwani. "Sasa unataka mjukuu wangu asikie kwamba mahafali yake ndiyo yaliyomkosesha mzee wa watu matibabu?"

"Sitasema mahafali. Nitasema nilikuwa na haraka."

"Watakuuliza haraka ya nini."

Mama alichukua roli jipya la uzi mwekundu lililokuwa mezani, akaligeuza, akalirudisha kwenye droo. "Uzi wenyewe hauna kosa," akasema, kama anayezungumza na droo.

Jumamosi, saa ya chai, walikaa juu ya matairi na makopo. Mwalimu Mkuu alipewa kiti cha mwenye gereji. Kasuku alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu au kuposa. Bi Mita alisimama, kipande cha waya wa kijani mkononi.

Alisema throto zote mbili zilikuwa nzima, kanyagio nalo lilikuwa zima, na Kasuku hakuweka kipuri kibovu. Alisema kosa lilikuwa kwenye waya wa hasi uliounganishwa bila kuchomewa. Kisha akasema, "Aliyeuunganisha ni mimi. Nikafunga uzi juu yake nikijua haujaisha. Hata Kasuku alipofika hapo aliona uzi, akapita."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Kijiko kilianguka kwenye saruji na hakikuokotwa.

"Lini?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Miaka minne iliyopita, Mwalimu. Wakati wa panya."

"Ulikuwa na nini siku ile?"

Bi Mita alikuwa ameapa kutosema. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa ameuliza, na pale hakuna aliyewahi kumnyima jibu.

"Mahafali ya binti yangu. Gesi iliisha, na saa ilikuwa imefika."

Mwalimu Mkuu alikishika kile kipande cha waya, akakiangalia kwa kukiweka mbali na macho, kama wanavyofanya wenye umri wake.

"Ungeniambia," akasema, "ningesubiri mpaka kesho. Ningekuja hata na zawadi."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Kisha akamgeukia Kasuku. "Wewe nilikudhania vibaya mbele za watu, na mbele yao nakuomba radhi."

"Mwalimu, yamekwisha, mimi..."

"Sijamaliza. Ulibadilisha vitu viwili vizima kwa kukisia. Ulipofika kwenye uzi hukupima kwa sababu mtu mwingine ana sifa. Kaa chini."

Kasuku akakaa, ingawa mtu mzima, na wenzake hawakumcheka kwa sababu kila mmoja alihesabu nyuzi alizoziruka mwenyewe.

Mwenye gereji alikunywa chai yake mpaka chini. "Kasuku anabaki," akasema. "Turudi kazini." Alipopita karibu na Bi Mita alisimama. "Ule ufunguo wa stoo," akasema, akatazama pembeni. "Tutazungumza."

Hawakuzungumza. Jumatatu ufunguo ulikuwa kiunoni mwa fundi wa gia. Fundi wa gia mwenyewe aliona haya, akawa anauficha chini ya shati wiki nzima.

Bi Mita aliendelea na kazi. Kwa miezi miwili alitafuta magari mengine aliyowahi kuyafunga uzi, kila aliloweza kulipata, akafungua na kukagua bila kudai kitu. Alikagua arobaini na matatu. Hakukuta waya mwingine uliosokotwa. Binti yake alizisikia habari, si kutoka kwake, akapiga simu, akauliza, "Mama, kwa nini hukuniambia utachelewa?" Bi Mita akajibu kwamba hakutaka kuchelewa. Hawakulirudia tena jambo hilo, ila ile picha ya joho binti aliomba aende nayo kwake.

Uzi aliurudia baada ya muda. Mama yake ndiye aliyeliweka roli mezani asubuhi moja, bila neno. Bi Mita anafunga kama zamani, mizunguko mitatu na fundo moja. Kasuku sasa ana mita yake, ina betri, na akikuta uzi mwekundu huuchana, akapima, akafunga upya. Bi Mita akiwepo humtazama, na Kasuku husema, "Samahani, shemeji," naye hujibu, "Pima."

Gari la Mwalimu Mkuu linapanda kilima mara tatu kwa wiki. Waya wa nane ulimgharimu mzee mmoja siku moja ya matibabu. Ulimgharimu Bi Mita usimamizi wa gereji, na tangu Jumamosi ile kazi yake hufunguliwa na kupimwa kama ya fundi mwingine yeyote.